Kumbukumbu mbaya za utotoni zinapokurudia ukubwani: namna ya kuishi nazo bila kuendeshwa nazo

Nianze na waliolelewa kwa ndugu maana hao ndio ninaowajua vizuri, na mimi ni mmoja wao. Unapelekwa mjini kwa baba mdogo au kwa shangazi ili usome, ukifika unakuta kusoma ni kile kinachobaki baada ya kuchota maji, kudeki, kufua nguo za watoto wa mwenye nyumba na kusugua masufuria, chakula unakula wa mwisho jikoni, ukikosea ni mkanda au waya wa pasi, ukikojoa kitandani unatolewa nje na godoro kichwani majirani wakuone. Wengine haikuwa kwa ndugu, ilikuwa kwa mama wa kambo, wengine bwenini, wengine kwa baba na mama waliowazaa kabisa, baba akirudi amelewa nyumba nzima inakuwa kimya. Na wapo ambao yaliyowapata ni ya kushikwa miili yao, na mjomba, na mpangaji, na mwalimu wa tuisheni, na mpaka leo hawajamwambia mtu yeyote.

Na sio wachache. Mwaka 2009 Tanzania ilifanyika tafiti kubwa ya kitaifa, wakahojiwa vijana wa miaka 13 mpaka 24, karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, wavulana ilikuwa karibu 1 kati ya 7, na kupigwa vibaya ndio usiseme, karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume. Hao vijana sasa hivi ni watu wazima, wana watoto, wana kazi, wengine ndio wanaendesha daladala uliyopanda asubuhi, wengine ndio walimu wa watoto wetu.

Ila mtu mzima akisema bado inamuuma anajibiwa yaliyopita si ndwele, mbona sisi tulichapwa na tumekua, shukuru walikulea. Na yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba tatizo ni yeye, ana kinyongo, ana roho mbaya. Mimi nasema wazi kabisa, lengo sio kusahau, hutasahau na hakuna anayekudai usahau. Lengo ni ufike mahali ukikumbuka unakumbuka ukiwa mtu mzima uliyekaa kwako, sio ukiwa mtoto wa darasa la tatu aliyejikunyata nyuma ya mlango. Yote ninayoandika hapa chini yanaelekea huko.

Kwanini inarudi wakati miaka imepita

Kumbukumbu ya kawaida, mfano harusi ya dada yako, ubongo unaiweka na tarehe yake, unajua ilikuwa lini na imeisha. Kumbukumbu ya hofu kali haiwekwi vizuri namna hiyo, hasa kwa mtoto ambaye hana pa kukimbilia, inabaki vipande vipande, harufu, mlio, baridi ya sakafu, maumivu ya mgongo, na hivyo vipande havina tarehe. Ndio maana kimoja kikiguswa mwili mzima unaitika kama vile jambo linatokea sasa hivi, moyo unaenda mbio, tumbo linakata, unaganda. Hiyo sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari haingoji wewe ufikirie, inapiga kwanza.

Kwahiyo ukiona umeshtuka kwa jambo dogo mpaka watu wanakushangaa, hujarogwa wala sio mdhaifu, ni mwili uliojifunza kujilinda mapema sana na haujapewa taarifa kwamba hatari ilishaisha. Nalisema hili la kurogwa maana nimeona mtu anaganda na kutetemeka anapelekwa kutolewa mapepo, anashikwa kwa nguvu na watu wazima wanne, na kilichomuumiza utotoni ni hicho hicho cha kushikwa kwa nguvu.

Na kuzikandamiza hakusaidii. Ukiisukuma chini kwa kazi, kwa pombe, kwa kutotulia nyumbani, inakuwa kama moto wa pumba, juu unaona majivu tu.

Jua kinachoiamsha

Kazi ya kwanza ni hii na haihitaji pesa. Chukua daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu, kila ukishtuka au ukipandwa na hasira au ukijisikia vibaya ghafla bila sababu, andika vitu vinne tu: ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na nini karibu (sauti, harufu, mtu, neno lililosemwa), mwili ulifanya nini, na ulijiona una umri gani. Hilo la mwisho watu wanalishangaa ila jaribu, mara nyingi jibu linakuja lenyewe, unajiona una miaka saba.

Fanya wiki mbili hivi utaanza kuona mtiririko. Kuna mtu ni mlio wa geti jioni. Kuna mtu ni harufu ya mafuta ya taa, au ya pombe ya kienyeji, au mwanaume akivua mkanda tu kwa sababu zake za kuvaa. Kuna mtu ni bosi kuuliza "nani amefanya hivi?", sio ukali wa bosi, ni hilo swali, maana nyumbani kwao lile swali halikuwa swali. Kuna ambao ni mwezi mzima, Desemba ikikaribia na mipango ya kwenda kijijini wanaanza kuumwa kichwa.

Ukishavijua, vile unavyoweza kuviepuka bila kuharibu maisha yako viepuke tu, hakuna ushujaa wa kujitesa. Kama jirani akipika gongo harufu inakuumiza, hama chumba ukipata nafasi. Ila visivyoepukika, kama sauti ya bosi, angalau vikija unajua hiki ni kile, na kujua hivyo peke yake kunapunguza nusu ya hofu, maana kinachotisha sana ni kudhani unapata wazimu.

Ikikushika ghafla

Hapa huna muda wa kufikiri kwahiyo fanya mazoezi siku ukiwa mzima ili siku hiyo mwili ujue wenyewe.

Kwanza miguu. Vua viatu kama unaweza, kanyaga chini kwa nguvu, sikia sakafu, sukuma visigino. Kama umekaa, shika kiti kwa mikono miwili. Kisha fungua macho, usifumbe, watu wengi wanafumba macho na ndio picha zinazidi. Taja kwa sauti hata ya chini vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kugusa, vitatu unavyosikia, viwili vya kunusa, kimoja cha kuonja. Hata kama ni ndoo, pazia, kalenda ya duka, chaji ya simu, mjusi. Usichague vizuri, taja tu.

Halafu ongea na wewe mwenyewe kwa jina lako, sema leo ni siku gani, mwaka gani, una miaka mingapi, uko mtaa gani, na sema kitu kimoja ambacho wakati ule hukuwa nacho na sasa unacho. Mfano "naitwa fulani, nina miaka 36, niko Mbagala, hapa ni kwangu na funguo ya mlango huu iko mfukoni mwangu". Hicho cha funguo nimeona kinasaidia watu wengi sana, maana mtoto hakuwa na funguo, hakuwa na uwezo wa kuondoka, na wewe unao.

Kupumua nako kuna namna yake, sio kuvuta hewa nyingi nyingi, hiyo inaongeza kizunguzungu. Vuta kwa kuhesabu mpaka nne, toa taratibu kwa kuhesabu mpaka sita, kinachotuliza mwili ni kule kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Maji ya baridi usoni na kwenye viganja pia yanasaidia. Kama uko kwenye daladala shuka kituo kinachofuata, utapanda nyingine.

Ikishapita utachoka sana, kama umetoka kulima. Kula kitu, kunywa maji, usianze kazi kubwa na usianze mazungumzo mazito na mwenzako ndani ya saa hiyo.

Usiku

Ndoto za kurudia rudia zina dawa yake na wengi hawaijui. Ukiamka, usibaki kitandani unapambana nayo, washa taa, kaa, fanya yale ya miguu na kutaja vitu. Ila kazi yenyewe inafanyika mchana. Mchana ukiwa umetulia andika ile ndoto kwa kifupi, halafu ibadilishe, kuanzia mahali popote unapotaka iende tofauti, uongo mtupu hata, mlango unafunguka bibi anaingia anamwambia yule mtu atoke, au wewe wa sasa ndio unaingia unamchukua yule mtoto mnaondoka zenu mnaenda kula chipsi. Kisha kila siku kwa dakika kumi mpaka ishirini kaa uipitie kichwani ile ndoto mpya tu, ile ya zamani usiiguse. Wataalamu wanaitumia kwa watu wa kila aina waliopitia mambo mabaya na wengi ndoto zinapungua ndani ya wiki kadhaa, sio kwamba zinaisha zote. Anza na ndoto ndogo kidogo, sio ile mbaya kuliko zote.

Na tafadhali usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kuambiwa na rafiki. Vile vya kutuliza vinazoeleka haraka sana na ukija kuacha ghafla unakuwa na hali mbaya kuliko uliyoanza nayo. Pombe nayo inakulaza ila usiku wa manane inakuamsha, na ndoto zinakuja kwa nguvu.

Kuandika, kwa tahadhari

Mwaka 1986 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha jaribio rahisi sana, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike, wengine mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowaumiza zaidi maishani, ama kilichotokea tu, ama walivyojisikia tu, ama vyote viwili. Walioandika vyote viwili walijisikia vibaya zaidi siku zile zile, ila miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tangu hapo imejaribiwa mara nyingi, faida yake sio kubwa kwa kila mtu ila ipo.

Ninavyoshauri mimi, weka alamu ya dakika 15, andika bila kujali herufi kubwa wala nukta, Kiswahili, kilugha, vyovyote, hasa lugha uliyokuwa unaongea wakati ule yanatokea. Alamu ikilia acha hata kama sentensi haijaisha. Usiandike usiku unapoenda kulala. Usianze na tukio baya kabisa. Na kama kila ukiandika unabaki unatetemeka siku nzima au unapotea akili unajikuta saa zimepita hujui, acha, hiyo ni kazi ya kufanya ukiwa na mtaalamu pembeni yako, sio kwamba umeshindwa.

Maandishi yenyewe yalinde. Nyumba zetu hazina siri, watoto wanachokonoa simu, mume anajua namba ya siri. Ukiona hakuna pa kuficha andika kisha chana au choma, faida haipotei kwasababu iko kwenye kuandika.

Kumwambia mtu

Usimwambie yule unayempenda zaidi, mwambie yule anayeweza kusikia bila kukurupuka. Hao ni watu wawili tofauti mara nyingi. Mama yako anaweza kuanza kulia mpaka wewe ndio unambembeleza, kaka yako anaweza kuchukua panga. Tafuta mtu ambaye umeshamwambia jambo dogo la siri na halikutoka.

Na unaweza kupanga masharti kabla, haina ubaya, "dada naomba nikuambie kitu, sihitaji ushauri wala usimwambie mtu, nataka tu unisikilize". Huna wajibu wa kusimulia kila kitu, unaweza kusema "kuna mtu alinifanyia mabaya nikiwa mdogo pale nyumbani kwa baba mkubwa" ukaishia hapo, ukaona anavyopokea, mengine siku nyingine.

Jiandae na lile swali la mbona hukusema. Watu wanaliuliza bila ubaya ila linachoma. Jibu ni moja tu, ulikuwa mtoto. Mtoto anasema kwa nani wakati anayemlisha ndio huyo huyo, na aliyejaribu kusema aliambiwa anataka kuvunja ndoa za watu. Na kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono niongeze hili maana linawatesa kimya kimya: kuganda bila kupiga kelele ni mwili, sio kukubali. Hata kama mwili ulihisi kitu, hata kama alikuwa anakupa pipi na hela ukazipokea, hata kama ulirudi pale kesho yake kwasababu ulitumwa. Kosa lote ni la mtu mzima, asilimia mia.

Wewe unayeambiwa sasa, kama umesoma mpaka hapa kwa ajili ya mwenzako, sema "pole, nakuamini, na halikuwa kosa lako", kisha nyamaza. Usiulize maelezo. Usianze kumwambia "angalau" hiki au kile.

Mtoto wako akifika umri ule

Hili halizungumzwi na ndilo linalowaangusha wazazi wengi. Mtu kaishi vizuri tu miaka yote, ana familia, halafu mtoto wake anafika miaka nane, umri ule ule ambao yeye alipelekwa kwa watu au alianza kupigwa au kuguswa, na ghafla kila kitu kinafumuka. Anaota, anakuwa mkali, au anakuwa na hofu kupita kiasi, mtoto haruhusiwi hata kwenda dukani. Wengine wanashikwa na uchungu wa ajabu wakimwangalia mtoto amelala, maana kwa mara ya kwanza wanaona kwa macho yao jinsi mtoto wa miaka nane alivyo mdogo, mikono yenyewe midogo, na wanajiuliza mtu mzima aliwezaje.

Kama ndio uko hapo, kwanza jua kwamba ni kawaida na ina sababu. Pili huo uchungu usiukimbie, ndio mahali pazuri pa kuanzia kumwonea huruma yule mtoto uliyekuwa wewe, ambaye miaka yote ulikuwa unamlaumu kwamba alikuwa mjinga au mwoga. Mwangalie wako halafu jiulize huyu akifanyiwa vile kosa litakuwa lake? Jibu utakalompa mtoto wako jipe na wewe.

Tatu, mkono. Wengi wetu tulipigwa na mkono unainuka wenyewe hata kama uliapa hutapiga, hasa mtoto akikujibu kwa dharau au akimwaga kitu. Sheria unayojiwekea iwe rahisi kiasi kwamba hata ukiwa na hasira unaikumbuka: hasira ikifika kifuani natoka nje. Toka kweli, hadi uani, mwambie mtoto "mama amekasirika anaenda kupumzika atarudi tuongee". Ukirudi unaongea, adhabu ipo kama inahitajika, asafishe alichomwaga, akose katuni leo, ila mwili wake usiguse. Na ikitokea umempiga, nenda umwombe msamaha kwa maneno, "nilikosea kukupiga, hasira zilikuwa zangu, wewe hukustahili". Wapo watakaokuambia mzazi hamwombi mtoto msamaha, eti atakupanda kichwani. Sikubaliani nao hata kidogo. Kinachomvunja mtoto zaidi ni kupigwa halafu kila mtu anajifanya hakuna kilichotokea, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kulinda mtoto ni kumfundisha majina ya sehemu zake za mwili, kwamba hakuna siri ya kuguswa, kwamba akisema hatapigwa. Sio kumfungia ndani. Na kama unafikiria kumpeleka akakae kwa ndugu kwa ajili ya shule, fikiria tena, na ukimpeleka mpigie simu mara kwa mara na uongee na mtoto wakati mwenye nyumba hayupo pembeni.

Kurudi nyumbani, na wale waliokuumiza

Kwetu mtu hawezi kukata ukoo hivi hivi, kuna misiba, kuna mahari za wadogo, kuna mirathi, utakutana naye tu. Aliyekuchoma na kijiko cha moto leo ni mzee ana kisukari anatumiwa hela ya dawa, na mwenye kazi nzuri kwenye ukoo ni wewe.

Safari panga kama unavyopanga za kazi. Nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako, isiwe ya kuomba. Lala pengine, gesti au kwa rafiki, na sababu usitafute sana, "nimefikia kwa rafiki yangu" inatosha. Nenda na mtu anayejua, hata mmoja, mkubaliane ishara, ukisema neno fulani anajua mnaondoka. Jipangie muda, kwamba nitakaa mazikoni mpaka tumalize kuzika na nitaondoka kesho asubuhi. Usiachwe peke yako chumbani na yule mtu. Watoto wako usiwaache wala usiwalaze pale, hata dakika, hata kama sasa hivi ni mzee wa kanisa.

Kumkabili umwambie usoni alichokufanyia sio lazima. Watu wanaota siku hiyo miaka na miaka, kwamba atalia, ataomba radhi, na mara nyingi anachosema ni "sikumbuki", au "nilikuwa nakufunza adabu, ona sasa umekuwa mtu". Kama bado unataka kufanya, jiulize kabla, akikana kabisa nitakuwa salama? Kama jibu ni hapana, subiri. Kama jibu ni ndio, kwamba unataka tu uwe umesema, basi nenda na sema kifupi kisha ondoka bila kusubiri hukumu yake.

Hela ni uamuzi wako. Kuna wanaotuma dawa kila mwezi kupitia kwa mdogo wao bila kuongea naye na wana amani, kuna waliokataa na wana amani. Wanaoteseka ni wanaotuma kwa kuogopa maneno ya ukoo.

Na kusamehe. Mimi ni mtu wa imani na naheshimu sana neno hili, ndio maana sitaki litumike vibaya. Kumwambia mtu asamehe siku ile ile amefungua mdomo mara ya kwanza ni kumwambia anyamaze. Kusamehe kukija kunakuja baada ya mtu kusema ukweli wote wa alichofanyiwa, na hata ukisamehe sio lazima urudi kukaa naye meza moja, hayo ni mambo mawili. Ukienda kwa mchungaji au shehe akakusikiliza na kukuombea, vizuri, endelea, sala na dua zimebeba wengi. Akikulazimisha mkae kikao na aliyekubaka ili mpatane, ondoka.

Kama yule mtu bado ana watoto wengine mikononi mwake hilo ni jambo jingine na ni la haraka. Tanzania kuna namba 116 ya simu ya mtoto, bure, Kenya nao wana 116, na vituo vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto. Unaweza kuripoti kwa ajili ya watoto hao hata kama lako hutaki kulisimulia.

Mtaalamu, lini na wapi

Nenda kama unawaza kufa au kujiumiza, na hilo sio la kusubiri wiki ijayo, mwambie mtu leo, usikae peke yako, nenda hospitali iliyo karibu hata usiku. Nenda pia kama pombe au vidonge vimeshakuzidi, kama unapoteza saa nzima hujui ulikuwa wapi, kama huwezi tena kazi au unaogopa utamuumiza mtoto.

Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki ya afya ya akili, Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, na maafisa ustawi wa jamii wapo halmashauri na kwenye hospitali. Mirembe watu wanaiogopa kwa jina tu, ila kuna wanaokwenda kliniki asubuhi na jioni wako kwao wanapika. Mganga wa hospitali anaweza kukupa dawa za sonona na zinasaidia baadhi ya watu, ila tiba inayogusa kumbukumbu zenyewe ni ya mazungumzo, unakutana na mtu mmoja kwa wiki kadhaa, anakufundisha kwanza kutuliza mwili, halafu taratibu mnaipitia kumbukumbu kwa kipimo unachokiweza, na mnaangalia yale unayoyaamini tangu utotoni kwamba wewe ni mbaya. Ukiona mtu anakutaka usimulie yote kikao cha kwanza, ana haraka kupita kiasi, mwambie hivyo.

Na sio lazima awe daktari. Moshi, na Bungoma kule Kenya, watafiti waliwahi kufundisha watu wa kawaida kabisa namna hii ya tiba wakawasaidia watoto waliofiwa na wazazi, matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na sehemu nyingi walizojaribu watoto walipata nafuu kuliko wale wa huduma za kawaida. Kwahiyo mshauri aliyefundishwa vizuri kwenye kituo cha afya anaweza kukufaa kuliko profesa wa mbali.

Siku ya kwanza ukifika dirishani watu wamejaa nyuma yako na unaulizwa unaumwa nini, huna haja ya kueleza, sema "naomba kuonana na mtu wa afya ya akili" au "naomba afisa ustawi", mengine utayasema ndani. Kama unajua utakwama kuongea, andika mistari mitatu kwenye karatasi umpe asome. Na kama wa kwanza akikujibu vibaya au akikuambia uache kinyongo, omba mwingine, wapo wanaojua kazi yao.